Kanga wa Porini wa Masasi na Newala

Kanga wa porini, Numida meleagris, ni ndege wa ardhini anayelingana na kuku wa kienyeji. Uzito wake ni kilo 1.3 hivi, manyoya yake ni ya kijivu cheusi yenye madoa meupe, na kichwa chake ni kipara cha buluu na nyekundu chenye pembe fupi ya mfupa utosini. Jina la spishi yake, meleagris, lilitolewa na Linnaeus mwaka 1758. Yumo katika kundi moja kubwa na kuku, kwale, tausi na fezanti wa Asia. Mkoani Mtwara, katika wilaya za Masasi na Newala, anaishi pamoja na jamaa zake wawili ambao nao huishia chunguni. Mmoja ni kororo, mwenye shungi jeusi la manyoya yaliyojikunja, asiyetoka sana katika vichaka vizito. Mwingine ni kwale mwenye koo jekundu, ambaye husikika kingoni mwa mashamba alfajiri na jua linapozama.

Jike na dume wa kanga hufanana kiasi kwamba mwindaji mzoefu huwatofautisha kwa sikio. Mlio mkali wa mkatomkato hutolewa na wote wawili. Mlio wa mapigo mawili, la pili likipanda juu, ni wa jike peke yake. Kiangazi huishi kwa makundi, hutembea kutwa wakiparura mbegu, mchwa, panzi, kupe na vitunguu vya ndago, na jioni hupanda mti mmoja waliouzoea kulala. Wakishtuliwa hukimbia kwanza. Kuruka ni hatua ya mwisho, na hawaendi mbali. Maji huyahitaji karibu kila siku, jambo ambalo katika nchi hii lina uzito wa pekee.

Mvua zinapoanza kushika, kati ya Novemba na Desemba, makundi huvunjika na ndege hushikana wawili wawili. Jike hutaga mayai 6 hadi 12 katika kishimo alichokiparura chini ya nyasi ndefu, kisha huyaatamia peke yake kwa siku 26 hadi 28. Dume hukaa jirani, na vifaranga wakitoka husaidia kuwalinda na kuwafunika. Kwale hutaga mayai 3 hadi 9, na kororo machache zaidi, kwa kawaida 4 au 5. Ndiyo maana kororo huchelewa kuliko wenzake kurudisha idadi iliyopotea.

Mayai kumi ni mengi, na wingi huo una sababu. Kenge, nyani, nguchiro na nyoka hula mayai. Kanu, mwewe na mbwa wa vijijini hula vifaranga. Mvua ya baridi ya usiku mmoja yaweza kumaliza watoto wote waliolowa. Idadi haishuki iwapo jozi moja, mpaka itakapokufa, itaacha warithi wawili tu. Kwa hiyo hatima ya kanga huamuliwa zaidi kwenye kiota na katika wiki chache za mwanzo za kifaranga kuliko kwenye mtutu wa bunduki. Katika wiki hizo kifaranga huhitaji wadudu kwa wingi, kwani mbegu hazimpi protini ya kutosha kukuza manyoya. Uingereza ilijifunza hili kwa hasara. Uchunguzi ulioanza Sussex mwaka 1968 ulionyesha kwamba kwale wa kijivu walikuwa wakiisha kwa sababu dawa za kuua magugu ziliondoa mimea iliyobeba wadudu wa vifaranga. Wawindaji walikuwa walewale wa siku zote.

Kanga hayumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini. Hutoweka eneo kwa eneo, na huenda pasitokee mtu wa kutangaza kwamba ameondoka. Huko Morocco, jamii ya kanga wa Afrika Kaskazini inaaminika kuwa imekwisha porini. Katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kanga wa mashambani walipungua sana katika miaka ya 1980 na 1990, pale mashamba makubwa ya zao moja yalipofuta kingo za nyasi na vichaka.

Uwanda wa juu wa Makonde, ambako Newala imekaa ukingoni ikitazama bonde la Ruvuma, ni nchi ya mchanga unaonyonya mvua yote. Juu hakuna mto. Chemchemi ziko chini ya miteremko, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka na kupanda na maji kichwani kabla ya mitambo ya kusukuma maji kufika. Masasi yenyewe haiko juu ya uwanda. Iko magharibi yake, katika tambarare ya miombo inamochomoza milima ya mawe. Tofauti hiyo inaonekana hata kwa ndege: miombo na mashamba ya Masasi yanamfaa zaidi kanga, na vichaka vilivyosongamana vya Newala vinamfaa kororo.

Vichaka hivyo si pori lisilowahi kuguswa. Mwaka 1945 mwanajiografia Clement Gillman aliandika kuhusu kilimo cha Wamakonde cha kufyeka, kulima miaka michache, kisha kulilaza shamba mpaka kichaka kirudi. Kwa ndege wa ardhini mpango huo ulikuwa neema, kwa kuwa shamba jipya, shamba lililolazwa na kichaka kizito vilikaa ubavu kwa ubavu. Mbegu, wadudu na maficho vyote vilipatikana ndani ya mwendo mfupi wa miguu. Mkorosho ulibadilisha mambo. Ni mti wa miaka mingi, na ardhi yake hailazwi tena. Kabla ya mavuno mkulima hupalilia chini ya miti mpaka ardhi iwe nyeupe ili korosho zikianguka zionekane. Dawa zinazopigwa dhidi ya mbu wa mikorosho hazichagui mdudu wa kuua. Hakuna atakayemshauri mkulima wa Mtwara aache korosho kwa ajili ya kwale, lakini ukanda wa nyasi ulioachwa mpakani mwa shamba haupunguzi kilo hata moja ya mavuno, na kiota kinahitaji nafasi isiyozidi ungo.

Moto ni jambo jingine, na hapa wawindaji hawawezi kunyoosha kidole kwa mkulima peke yake. Nyasi huchomwa kuandaa mashamba, lakini pia kusaka panya na ndezi. Moto wa Mei au Juni hupita juu juu na kuacha mabaka mabichi, kwa kuwa nyasi bado zina unyevu. Ule wa Septemba au Oktoba hula kila kitu. Baada yake kanga hubanwa kwenye vipande vichache vya kijani vilivyobaki karibu na maji, bila mahali pa kujificha, na kila mwenye gobore anajua vipande hivyo viko wapi.

Katika majira hayo njia mbili za kuwinda humaliza kundi zima. Ya kwanza ni kuwafuata usiku kwa tochi kwenye mti wanakolala. Ndege aliyepigwa mwanga usoni hubaki palepale tawini, na mwenzake kando yake vivyo hivyo. Ya pili ni kuwavizia majini, ama kwa matanzi yaliyotegwa kwenye njia ya kunywea, ama kwa sumu. Sumu ndiyo mbaya kupita zote. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, dawa ya wadudu ya kabofurani ilitumiwa kuua ndege wa porini ambao nyama yao iliuzwa na kuliwa na watu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka leseni kwa uwindaji, na inakataza sumu, nyavu, mashimo, matanzi, moto na taa za usiku. Katika mapori ya akiba kama Msanjesi na Lukwika-Lumesule msimamizi ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Nje ya hapo mtu wa kumwendea ni afisa wanyamapori wa wilaya.

Kwa mwindaji mwenye leseni, tarehe ya kuwinda ina maana kuliko idadi ya risasi. Msimu hufunguliwa Julai mosi, na wakati huo vifaranga wa Januari na Februari wamekaribia ukubwa wa wazazi wao. Kundi ni kubwa kuliko litakavyokuwa wakati mwingine wowote wa mwaka, na wengi wa ndege hao wangekufa kwa kiu, njaa au meno ya wanyama kabla ya mvua kurudi. Kanga anayepigwa Julai huenda asingefika Desemba. Anayepigwa mwishoni mwa Novemba ameshavuka kiangazi chote na amebakiza siku chache atage. Akiuawa, kizazi cha mwaka unaofuata kimeuawa pamoja naye. Mwindaji makini hufunga mwenyewe Oktoba, hata kama leseni yake bado ina siku.

Julai pia huonyesha kama mwaka ulikuwa mwema. Kanga mchanga ana pembe ndogo, na kichwani huwa na manyoya laini ya utotoni yasiyokwisha kupukutika. Kundi lenye vijana wengi kuliko wazee laweza kuvunwa. Lenye wazee watupu limeshindwa kulea, na kupunguza hapo ni kukata mtaji. Kipimo cha busara ni kutogusa kundi lililo chini ya ndege kumi. Kulipua gobore katikati ya kundi lililojikusanya chini huangusha wawili na kujeruhi wengine watakaofia kichakani bila kumfaa yeyote isipokuwa fisi. Kumpiga mmoja aliyejitenga ni kazi ngumu zaidi, ila haina hasara hiyo. Kati ya Desemba na Machi mbwa wafungwe, maana mbwa anayefuata ndezi hupita juu ya viota vingi kuliko mtu anavyodhani.

Kuokota mayai porini na kuyaatamisha kwa kuku ni desturi ya zamani, na nayo huvuna kutoka kwenye kiota kilekile. Faida yake ni ndogo, kwa kuwa kanga wa kufugwa, ambaye asili yake ni Afrika Magharibi, hupatikana kwa wafugaji na akitunzwa vizuri hutaga mayai 100 hivi kwa mwaka. Nyama ya kitoweo na ya kuuza yaweza kutoka kwake. Kumwachilia porini ili aongeze idadi ni jambo jingine kabisa. Uingereza huachilia makumi ya mamilioni ya fezanti wa bandani kila mwaka, na wengi wao hawamalizi mwaka. Zaidi ya hapo, ndege aliyelelewa na kuku huweza kubeba kideri na kukifikisha kwa makundi ya porini, ambayo hayana wa kuyachanja.