Makengeza: Mtoto Anaporudi Nyumbani (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tuliishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Leo mtoto amekwisha kufanyiwa upasuaji wa makengeza, yumo ndani ya matatu anarudi Rongai, macho mekundu kama pilipili, machozi yana rangi ya damu kidogo, na mama ana wasiwasi. Wekundu huo ni wa kawaida. Utafifia katika wiki chache.

Kwanza tuondoe uvumi wa sokoni. Jicho halitolewi likawekwa mezani! Daktari hukata utando mwembamba uliofunika weupe wa jicho, akaufikia msuli, akaushona upya mahali panapofaa. Ndani ya jicho haingii. Ndiyo maana maambukizi makubwa ni nadra, ingawa yakitokea yanaweza kupofusha.

Kinga huanzia hospitalini, na hapo Kenya ina fungu lake. Iodini ile ya kahawia inayodondoshwa jichoni kabla ya kisu ilijaribiwa pia mjini Kikuyu, ikiwa imezimuliwa, katika utafiti wa watoto wachanga 3,117. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: iliyashinda matone ya nitrati ya fedha katika kuzuia maambukizi ya macho, tena kwa bei nafuu.

Nyumbani kazi ni ya mzazi. Vumbi la Januari hadi Machi unalijua, na nzi wa zizini pia, lakini mimi naogopa zaidi mkono wa mtoto mwenyewe. Mkate kucha. Nawa kwa sabuni kabla ya kumtia dawa, na ncha ya tyubu isiguse kope. Tongo za asubuhi zifute kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake. Taulo asishiriki na ndugu zake. Kuogelea kungoje ruhusa ya daktari.

Nyanya akija na maziwa ya mama au maji ya majani yaliyotwangwa, mwambie kwa adabu: "Nyanya, daktari amekataza." Anampenda mjukuu, ila dawa hizo hubeba vijidudu.

Kope zikizidi kuvimba siku ya pili au ya tatu, homa ikipanda, usaha ukitoka, au mtoto akisema haoni vizuri, hata kama ni wiki ya pili, usingoje tarehe ya kliniki. Kutoka Rongai hadi Nakuru ni kilomita 30 hivi. Nenda usiku huohuo, ukiwa na karatasi ya hospitali na tyubu ya dawa mkononi.