Kulinda Kiini cha Jino kwa Gundi ya Nyuki: Utangulizi

Aliyewahi kukesha ameshika shavu anakijua kiini cha jino, hata kama hajawahi kusikia kikitajwa. Chini ya enameli na dentini kuna chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo hulilisha jino na kulijengea dentini mpya linaposhambuliwa. Uozo ukiifikia, wengi hung'oa jino. Wenye uwezo hutibiwa mzizi, kiini kikaondolewa na nafasi yake ikazibwa. Fani ninayokukaribisha kuijua inauliza swali la kabla ya hapo: je, kiini hakiwezi kupona kikabaki hai?

Jibu la wazi lilitolewa na panya. Mwaka 1965, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald wa Marekani walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini, wakayaacha wazi. Kwa panya wa kawaida, kiini kilioza. Kwa panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja, ingawa mabaki ya chakula yalijaa tunduni, kufikia siku ya 14 kiini kilikuwa kimeanza kujijengea daraja la dentini. Kumbe kiini hujiponya chenyewe; kazi ya dawa ni kuwazuia vijidudu mlangoni.

Kalsiamu haidroksaidi, iliyoletwa na Hermann wa Ujerumani mwaka 1920, ilikuwa mlinzi wa miaka mingi. Miaka ya 1990 ikaja saruji ya MTA, iliyobuniwa na Torabinejad huko Loma Linda, California. Ni nzuri, ila bei yake ni kubwa. Ndipo watafiti wakaugeukia mzinga.

Nyuki hukusanya utomvu wa machipukizi na magome, huuchanganya na nta, kisha huziba nyufa za mzinga. Panya akifia ndani, na nyuki wakashindwa kumtoa, humfunika kwa gundi hiyo asiwaozee. Gundi ya nyuki, basi, ni kizibo na kiua vijidudu kwa pamoja, kazi mbili zilezile anazozitafuta daktari wa meno. Ina flavonoidi nyingi, pamoja na esta ya asidi ya kafeiki iitwayo CAPE, inayotuliza ishara za uvimbe ndani ya seli. Katika majaribio ya wanyama, na mengine machache ya meno ya binadamu, imepunguza uvimbe wa kiini na kusaidia ujenzi wa daraja la dentini.

Hata hivyo, gundi ya nyuki si dawa moja. Ya kijani ya Brazil hutokana hasa na kichaka cha Baccharis dracunculifolia. Ya Ulaya hutokana zaidi na mipopla. Miti ikibadilika, kemia nayo hubadilika. Kila usomapo matokeo, uliza: ni ya miti gani, imechujwa kwa kimiminika gani, imetumika kiasi gani? Kumbuka pia kwamba wapo inaowadhuru kwa mzio. Wala usiipake nyumbani juu ya jino bovu: kuziba tundu lisilosafishwa ni kumfungia mwizi ndani.

Nyuki wa miombo ya Tabora hawachumi utomvu kwenye mipopla. Gundi yao yahitaji kupimwa kwa kemia yake yenyewe. Mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, anzia hapo.