Maksai kijana: kazi ngapi inamtosha?



Mvua ya mwezi wa tatu iko karibu, na swali ni lile lile: "Maksai wangu wako na miaka miwili na nusu, wana nguvu. Naweza kuwafungia sharu nilime shamba lote?" Jibu ni hapana, si mwaka huu.

Kwanza, mifupa. Mifupa ya miguu ya ngombe inamaliza kukomaa karibu miaka 4. Mbele ya hapo, kazi kidogo inaikaza, lakini kazi ya kupita kiasi inaharibu viungo. Wanaofundisha farasi wa mashindano wanajua neno hilo: kazi fupi, kisha pumziko.

Pili, hesabu. Ngombe anaweza kuvuta masaa mengi karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kijana wa kilo 200 anavuta kilo 20. Wawili, kilo 40. Sharu katika udongo mzito inaweza kuomba kilo 80 na zaidi. Tena, ukilima hekta moja kwa mistari ya upana wa sentimeta 25, wanyama wanatembea kilometa 40!

Basi, fuateni mpango huu:

- Juma la 1 na la 2: nira tu, bila muzigo. Watembee dakika 20 hadi 30, asubuhi. Ukiweza, mufunge kijana pamoja na maksai aliyezoea.
- Juma la 3 na la 4: wavute kigogo chepesi mahali tambarare, dakika 60 hivi.
- Nyuma ya hapo: mkokoteni wenye muzigo mdogo, ao kupalilia udongo laini. Masaa 2 kwa siku, siku 3 ao 4 kwa juma.
- Wakifika miaka 4: sharu, masaa 4 ao 5, mbele ya jua kali.

Simamisha kazi mara moja ukiona: kinywa wazi na ulimi nje, anahema sana hata nyuma ya dakika 10 za pumziko, anachechemea, shingo imevimba chini ya nira. Kesho yake asipokula vizuri, jana ilizidi. Fimbo haiponyeshe uchovu. Na yule anayechoka upesi kwa kazi nyepesi, aonwe na veterineri: inaweza kuwa ugonjwa wa mbung'o ao minyoo.

Msimu huu mufanye nini? Wenye maksai wakubwa walimie wenzao kwa zamu, na wenye vijana walipe kwa kupalilia ao kwa majani ya kulisha wanyama. Maksai aliyetunzwa analima miaka mingi. Aliyeharibika miguu akiwa kijana anaishia buchari, na wewe unarudi kwa jembe la mukono.