Mtaji si mapato: bajeti ya simu kwa anayeingiza kwa siku

Programu nyingi za bajeti zimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Zinauliza unaingiza kiasi gani kwa mwezi, kisha zinakugawia: kodi, chakula, nauli, akiba. Mama lishe wa Mbagala Rangi Tatu au kinyozi wa Tegeta akifika kwenye swali hilo, anakisia tu, na kuanzia hapo hesabu yote inakwenda kombo. Baada ya wiki mbili haifungui tena programu hiyo. Watu humwita mvivu, na mimi sikubaliani nao. Pesa yake inakuja kwa siku, tena sehemu kubwa si yake.

Tumchukue huyo mama lishe. Jioni anafunga banda ana shilingi 70,000, nyingine noti, nyingine zimeingia kwa lipa namba. Programu itaandika zote kuwa mapato, kwa rangi ya kijani. Lakini humo 48,000 ni za mchele, maharage, mafuta na mkaa wa kesho, na 7,000 ni za binti anayemsaidia. Za nyumbani ni 15,000. Akipanga matumizi kwa kuitazama ile 70,000, wiki haiishi kabla hajala mtaji, na atakachokimbilia ni mkopo wa kausha damu.

Kwa hiyo atafute programu inayoruhusu akaunti zaidi ya moja. Money Manager ni mojawapo, na huhitaji bando kuandika ndani yake. Afungue akaunti ya mtaji, ya pochi, ya simu na ya kikoba. Mauzo yote yaingie kwenye mtaji; akishatoa gharama, ile 15,000 aihamishie kwenye pochi. Hela ya kikoba nayo aiandike kama uhamisho, maana hajaitumia, imekaa kwa wenzake. Wengi huiandika kama matumizi, kisha siku ya kuvunja kikoba wanaona wameokota dodo.

Kodi ya nyumba ndiyo mtego mkubwa. Dar wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha 50,000 kinadai 300,000 siku moja, na bajeti ya mwezi inakuwa imelala miezi mitano. Ukiigawa kwa siku 180 unapata kama 1,700, nayo itoke kwenye ile 15,000 kila jioni kabla ya LUKU, kabla ya mboga.

Makato yaandikwe peke yake. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 kila mtu aliyasoma kwa uchungu. Siku hizi wengi wanauruka mstari wa makato kwenye meseji. Anayetoa pesa kwa wakala mara tatu kwa siku badala ya mara moja atashangaa mwisho wa mwezi. Songesha ya M-Pesa nayo ni mkopo hata ikikuokoa kwa elfu mbili tu: iandike kama deni siku hiyohiyo.

Zipo programu zinazosoma meseji za miamala zenyewe ili usiandike chochote. Zinarahisisha kazi, lakini hazioni noti, na Temeke noti bado ndiyo inayonunua nyanya. Kisha angalia zinaomba ruhusa gani, hasa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Na malalamiko makubwa dhidi ya wakopeshaji wa aina hiyo yalikuwa kuchukua namba za ndugu na marafiki wa mkopaji na kumwaibisha kwao. Daftari la matumizi halina kazi na majina yaliyo kwenye simu yako. Programu ya bajeti ikiyang'ang'ania, ifute siku hiyohiyo, hata kama imekuahidi mkopo wa papo kwa papo.