Kozi kwanza, jina la chuo baadaye

Matokeo ya kidato cha sita hutangazwa Julai, na dirisha la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa muda si mrefu. Wakati huo wahitimu wengi wako kwenye kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kwa hiyo anayekaa mbele ya kompyuta ya stesheneri kujaza maombi mara nyingi ni mjomba, dada mkubwa, au kijana wa stesheneri mwenyewe, ambaye kwa shilingi elfu chache atakuchagulia hata kozi. Swali la nyumbani huwa moja: anaenda chuo gani? Mlimani, Mzumbe au Udom? Hilo likishajibiwa, kozi hutafutwa kama mtu anavyotafuta kiti ndani ya basi aliloshapanda. Gharama ya mpangilio huo huja kuonekana miaka mitatu au minne baadaye, mhitimu anapofungua tangazo la kazi na kukuta shahada yake haikutajwa.

Sisemi jina la chuo si kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hiyo Mlimani, kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970, na wahitimu wake utawakuta kila wizara. Anayetaka kilimo au tiba ya mifugo ana sababu nzuri ya kuiwazia SUA kule Morogoro. Anayetaka mipango miji au uthamini wa ardhi atakiwazia Chuo Kikuu Ardhi. Lakini tazama vizuri: hata hapo kilichokipa chuo sifa ni kozi zake.

Ushauri ninaoutoa ni kuanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo yako wazi mtandaoni, utafute kazi unayoifikiria, kisha usome sehemu ya sifa za mwombaji neno kwa neno. Tangazo hutaja shahada kwa majina, na kwa fani nyingi huongeza sharti la kusajiliwa na bodi. Kozi yenye jina la kuvutia, lililounganisha fani tatu kwa mpigo, inaweza kuwa nzuri sana darasani na bado isionekane kwenye tangazo hata moja. Si lazima uikimbie. Jua tu kwamba utakuwa na kazi kubwa ya kujieleza, na kwamba huenda nafasi yako iko zaidi sekta binafsi au kwenye kujiajiri.

Kutoka kwenye tangazo nenda kwenye bodi. Wahandisi wana ERB, wahasibu wana NBAA, watu wa ununuzi na ugavi wana PSPTB, na madaktari wana baraza lao. Kwa fani hizi shahada ni nusu ya njia. Daktari husoma miaka mitano, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini kabla ya kupata usajili kamili. Mhandisi husoma miaka minne, halafu lazima afanye kazi chini ya usimamizi ndipo aitwe mhandisi mtaalamu. Familia nyingi hupanga bajeti na matumaini hadi siku ya joho, hatua inayofuata wakaisikia kijana akiwa ameshahitimu.

Mfano ulio wazi zaidi ni sheria. Kwa Tanzania Bara, mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupitia kwanza Shule ya Sheria kwa Vitendo iliyoko Dar es Salaam. Mwaka 2022 matokeo ya shule hiyo yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja, waliobaki walitakiwa kurudia masomo au waliondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Wako walioilaumu shule, wako walioulaumu mtihani, na wengi walivinyooshea kidole vyuo vikuu walikotoka wanafunzi hao. Vyovyote utakavyohukumu, mzazi alipata swali la kuuliza: wahitimu wa kitivo hiki wakifika Shule ya Sheria hufanyaje? Kila fani yenye mtihani wa bodi ina swali kama hilo. Liulize kwenye maonesho ya vyuo vikuu ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ambako wahadhiri wenyewe huwa wamekaa mezani, badala ya kuondoka na mfuko wa vipeperushi na kalamu za bure.

Hapo ndipo unapofungua mwongozo wa udahili wa TCU. Wengi huusoma nusu. Wanaangalia sifa za chini, wakiziona wanazo wanashangilia. Kwa jumla, sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, A ikihesabiwa tano na E moja. Kozi ngumu hudai zaidi: udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, na angalau D kila somo, yaani pointi sita. Lakini alama hizo zinakupa haki ya kuomba tu. Mwenye D tatu anaruhusiwa kuomba Muhimbili, ila anaomba nafasi ileile na mwenye A tatu, na nafasi zinahesabika. Mwongozo una safu inayoonesha idadi ya nafasi za kila kozi. Isome sambamba na sifa, kisha uombe angalau kozi moja ambayo ushindani wake unalingana na cheti chako. Wanaoachwa bila chuo si wote walifeli. Baadhi walijaza ndoto tupu katika kila nafasi waliyopewa.

Kuhusu ithibati nako usione aibu kuuliza. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka huo wa masomo, na kozi kadhaa za vyuo vingine nazo zikasimamishwa. Chuo kuwa na jengo, lango na mabango barabarani hakutoshi. Kozi yenyewe iwe kwenye mwongozo wa mwaka huu.

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, hivyo anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu. Akichaguliwa zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili athibitishe chuo kimoja. Kwa hiyo simu iliyojazwa kwenye fomu iwe ya mtu wa familia anayepatikana. Nafasi zimepotea kwa sababu namba ya siri iliingia kwenye simu ya stesheneri.

Wasiofikisha pointi, na hata baadhi ya waliofikisha, wasiipuuze stashahada. Njia ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, hufika hadi shahada: mwenye stashahada ya fani husika na GPA isiyopungua 3.0 anaweza kuomba chuo kikuu. Fundi sanifu aliyetoka DIT au Chuo cha Ufundi Arusha akaingia uhandisi huwa anajua kushika vifaa, na darasani huonekana. Jamii yetu bado inamtazama kama aliyechelewa. Sikubaliani nayo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) ni deni, na ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe. Si sababu ya kuukataa, ila ni sababu ya kuufikiria unapochagua kozi ya miaka mitano badala ya mitatu, na ya kutolimaliza bumu, yaani fedha ya kujikimu, wiki ya kwanza kwa simu mpya.

Ukishaingia, jambo la kwanza kulielewa ni hesabu ya krediti, maana ndiyo inayowaangusha waliotoka sekondari na division one. Katika mfumo wetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Somo la krediti 12 ni saa 120 kwa muhula, na muda wa kukaa ukumbini kumsikiliza mhadhiri ni sehemu tu ya hizo. Zilizobaki ni zako: maktaba, mazoezi, majadiliano, maabara. Hakuna mwalimu wa zamu wa kukukumbusha. Anayezigeuza kuwa saa za kulala hujikuta wiki ya mitihani akikimbizana na madesa ya waliomtangulia, na hapo ndipo sapu (mitihani ya marudio) huanza, kisha kukeri (kubeba somo hadi mwaka unaofuata), kisha kudisko (kuondolewa chuoni). GPA hukusanywa tangu muhula wa kwanza. Kwa mizani ya alama tano inayotumika nchini, daraja la pili la juu huanzia 3.5, na aliyeanza mwaka wa kwanza na 2.4 anaweza kulifikia, ila kwa jasho ambalo halikuwa la lazima.

La pili ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Wanafunzi wengi hutafuta sehemu iliyo karibu na nyumbani, wakagongewa muhuri kwenye kitabu cha kumbukumbu, wakarudi na ripoti iliyonakiliwa. Wiki nane hivi zimeyeyuka. Ilhali hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo mwajiri anakuona ukifanya kazi kabla hujawa mmoja wa maelfu ya waombaji. Peleka barua mapema, miezi kadhaa kabla ya likizo. Taasisi nzuri hujaa. Ukifika, omba kazi halisi hata kama walikupangia kutoa fotokopi, na ubaki na namba ya aliyekusimamia.

Na kama uko mwaka wa kwanza sasa hivi, fanya jambo moja wiki hii: nenda ofisini kwa mshauri wako wa masomo, si kwa ujumbe wa WhatsApp, ukamuulize bodi ya fani yako inadai nini, na kama iko ngazi ambayo mwanafunzi anaweza kuianza kabla hajahitimu. Kisha nenda ukajiandikishe.