Saratani ya Kibofu cha Mkojo: Kwa Nini Dawa na Mionzi Hutolewa Pamoja

Kisiwani Pemba, mtu akikojoa damu, kichocho ndicho hudhaniwa kwanza. Hata hivyo, damu inayorudi baada ya kumeza prazikwanteli, hasa kwa mtu mzima, inahitaji uchunguzi wa kibofu. Kichocho cha mkojo kikikaa mwilini miaka mingi huweza kuleta saratani.

Tiba hii hufanyaje kazi?

Saratani ikishaingia kwenye msuli wa kibofu, njia moja ni kukiondoa kibofu kwa upasuaji. Njia nyingine, kwa wagonjwa wanaofaa, ni mionzi pamoja na dawa kama sisplatini. Dawa hudhoofisha seli za saratani, zikashindwa kujirekebisha baada ya kupigwa mionzi. Hivyo kibofu huweza kubaki. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha wagonjwa 360 na kutumia dawa nyingine zenye kazi hiyohiyo. Baada ya miaka 2, asilimia 67 ya waliopewa dawa na mionzi walikuwa hai bila saratani kurudi kibofuni wala jirani yake. Kwa waliopewa mionzi pekee, ni asilimia 54.

Kabla ya kukubali tiba, muulize daktari:

• Saratani yangu ni ya aina gani? Itokanayo na kichocho mara nyingi ni ya aina ambayo upasuaji huifaa zaidi.
• Je, imeenea viungo vingine? Ikienea, mpango wa tiba hubadilika.
• Figo zangu zina hali gani? Sisplatini huweza kuzidhuru.
• Nitatibiwa wiki ngapi? Kwa kawaida mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 7. Ikiwa utapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, panga mapema nauli, malazi na msaidizi.

Tahadhari

Uchovu, kuharisha na maumivu wakati wa kukojoa ni madhara ya kawaida. Homa ni dharura, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usikatishe tiba bila kushauriana na daktari. Mwambie pia kila dawa ya miti shamba unayotumia, na usimwamini muuzaji yeyote anayeahidi kuponya saratani kwa chupa moja. Fedha iliyopotea hutafutwa tena. Muda uliopotea haurudi.