Nguo ya Kuogelea ya Hedhi: Kagua Mpira wa Paja Kabla ya Kuuliza Bei

Pedi ya kawaida ikiingia bwawani haichagui cha kunywa. Chembechembe zilizomo ndani yake zimetengenezwa kufyonza majimaji yoyote. Dakika chache baada ya kujitosa huwa zimevimba kwa maji ya bwawa, gundi imebanduka na pedi imeanza kuning'inia. Ndiyo maana wasichana wengi hubaki ufukweni wakilinda mikoba ya wenzao. Tamponi na kikombe cha hedhi hudaka damu ingali ndani ya mwili, kwa hiyo mtu huogelea navyo bila shida, lakini si kila msichana yuko tayari kuvitumia, wala si kila mama ataridhia. Hao ndio nguo ya kuogelea ya hedhi inawafaa zaidi.

Kwa nje haitofautiani na nguo nyingine ya kuogelea. Siri iko kwenye sehemu ya katikati ya miguu, yenye matabaka matatu. La ndani hupitisha damu upesi ili ngozi isibaki na unyevu, la kati huishika, na la nje lina utando wa poliuretani unaozuia isipenye. Wauzaji wengi hawakuambii kwamba utando huo hauzuii maji kuingia kupitia kiunoni na mapajani. Ukiwa umezama, tabaka la kati tayari limelowa maji ya bahari, na nafasi ya damu imepungua. Kwa hiyo kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, tuseme mililita 10, kichukulie kuwa ni cha nchi kavu.

Hedhi nzima kwa kawaida hutoa mililita 30 hadi 40 za damu; ikizidi 80 huhesabiwa kuwa nzito. Damu hiyo haigawanyiki sawasawa kwa siku: nyingi hutoka siku mbili za mwanzo. Ndiyo sababu naiona nguo hii kuwa ya siku za matone tu, kabla damu haijashika kasi, na za mwisho. Siku ya pili, kwa mwenye damu nyingi, iwe mlinzi wa pili juu ya kikombe au tamponi, isiachiwe kazi peke yake.

Kuna wanaoamini kwamba hedhi husimama ndani ya maji. Haisimami. Maji hukandamiza mwili kutoka nje na damu hutoka polepole, lakini kikohozi au kicheko kinatosha kuisukuma. Shida yenyewe huja unapopanda ngazi za bwawa: mkandamizo umeondoka, nguo inachuruzika, na kilichokuwa kimetulia kinashuka kwa mkupuo. Weka kanga au taulo la rangi nyeusi karibu na ngazi, kisha ubadilishe mapema. Fu Yuanhui, mwogeleaji wa China, alipowaambia wanahabari kwenye Olimpiki ya Rio 2016 kwamba alikuwa ameanza siku zake, wengi kwao walishangaa kwamba mtu mwenye hedhi anaweza kuogelea. Na kwa wanaouliza kuhusu papa: hakuna ushahidi kwamba hedhi huwavuta.

Dukani, anza na mpira wa mapajani. Uvujaji mwingi hutokea kinenani, pale nguo inapoachana na ngozi, wala si kwenye kitambaa. Chuchumaa, inua goti, pitisha kidole: kikipita kwa urahisi, chukua saizi ndogo zaidi, maana nguo ya kuogelea hulegea ikilowa. Wanaoogelea kwa bikini, au kwa suruali ya kubana na fulana kama ilivyo kawaida kwa wengi pwani, wasitoe pesa kwa vazi zima. Chupi pekee, ivaliwe ndani, inatosha.

Uliza pia kuhusu PFAS, kemikali zinazotumika kufanya vitambaa vikatae maji na madoa, ambazo hukaa muda mrefu sana mwilini na kwenye mazingira. Kampuni ya Thinx ya Marekani ilishtakiwa na wateja kuhusu kemikali hizo kwenye chupi zake za hedhi; kesi iliishia kwenye makubaliano ya fidia ya hadi dola milioni 5, kampuni ikikana kosa. Lebo inayotamka wazi kwamba hazimo ni bora kuliko iliyonyamaza. Mitumbani usiitafute kabisa. Tanzania imepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani zilizotumika, na hata pasipo sheria hiyo, huwezi kujua kwa macho kama utando umekwisha kuchanika.

Utunzaji ndio unaoamua kama utapata thamani ya pesa yako. Isuuze mara tu unapoivua, kwa maji baridi, hadi yatoke meupe. Maji ya moto hugandisha protini za damu na doa halitoki tena. Pia hubandua utando. Hata kama damu haikutoka, isuuze, kwa sababu klorini hula nyuzi za spandeksi, na chumvi ikikaukia humo hukakamaza kitambaa. Kisha fua kwa mkono na sabuni kidogo. Kwenye maji magumu ya kisima, sabuni ya mche huacha utando mweupe unaoziba tabaka la kati, kwa hiyo ongeza suuza moja. Jik huchoma mpira. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi kwa sababu huzivika nyuzi mafuta, zikaacha kufyonza. Usiikamue kwa kuisokota; ikunje ndani ya taulo na uibonyeze.

Aibu huwafanya wengi waianike chumbani, au chini ya nguo nyingine kwenye kamba. Tabaka la kati hukauka mwisho, na likibaki na unyevu hukaribisha ukungu na harufu. Igeuze, ianike penye upepo, kivulini au kwenye jua la asubuhi. Jua kali la mchana kutwa hudhoofisha mpira. Ibinye katikati kabla ya kuianua, kwani kingo hudanganya.

Kila baada ya miezi michache, mimina kijiko cha maji kwa ndani na ukandamize karatasi ya chooni kwa nje. Karatasi ikilowa, utando umekufa. Iendelee kuwa nguo ya kuogelea ya siku za kawaida, ilimradi mpira bado unabana.